Ngoma ya Maembe

Nilipoolewa Bungu nilikuja na tanuri, na kwa ajili ya tanuri hilo nilichekwa mpaka nikazoea. Kwetu Mohoro, mji wa wafanyabiashara kando ya mto, msichana hapewi mume kabla hajajua kuoka mkate wa mofa. Bungu watu ni wakulima. Wanasonga ugali, wanapika wali, na mkate kwao ni chakula cha safari au cha ugonjwa. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaharusi, alilitazama lile pipa la udongo nililolisimika nyuma ya nyumba yake kama mgeni aliyekataa kuondoka. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke wa kuoka, na mwanamke wa kuoka anamaliza kuni za mtaa mzima kwa mkate usioshibisha hata paka. Mimi Kuruthumu sikumjibu, maana mkwe hajibiwi. Lakini moyoni nilimjibu kila siku, na majibu yangu yalikuwa mazuri sana.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Mume wangu Shaabani alikwenda Ngarambe na wenzake, akarudi amenyunyiziwa maji, macho yanang'aa, akaniambia risasi za Mdachi zitamwagika mwilini mwake kama mvua. Nilimwambia mimi nimeona mvua nyingi na zote zinalowesha. Hakucheka. Akaenda zake milima ya Umatumbi. Nililia, na sitasema nililia kwa huzuni tu. Nililia kwa hasira pia.

Askari wa Mdachi walipofika kijijini hawakukuta wanaume, basi wakapigana na ghala. Walichoma mpunga, wakachoma mahindi, wakachukua mbuzi na kuku. Ramadhani ilipoandama, hapakuwa na kitu nyumbani isipokuwa mihogo michanga na maembe. Miembe hawakuiweza. Mwembe mbichi uliolowa mvua za vuli hauchomeki, na mwaka ule miembe ilizaa mpaka matawi yakagusa ardhi.

Siku za mwanzo za mfungo akaja Miraji, binamu yake Shaabani, mchana kweupe, amebeba mzigo wa ukindu begani kama msuka mikeka. Alikaa barazani, akaomba radhi kwa habari anazoleta. Shaabani alikuwa hai. Alikuwa amepigwa risasi ya paja, amelala na wenzake ndani ya mikoko, kule mto unakogawanyika kwenda baharini. Jeraha lenyewe halikuwa baya. Kilichokuwa kikiwaua ni njaa. Hawakuweza kupika, kwa sababu askari walikuwa wakizunguka na mashua wakitafuta moshi juu ya mikoko. Hata wakipelekewa unga, watautafuna mkavu? Na unga wenyewe haufiki. Pale kivukoni askari walifungua kila kikapu, na chakula chochote walichokiona walikimwaga mtoni. Miraji alisema, kama hawapati kitu cha kula kabla ya Idd, Idd hiyo watasaliwa wao.

Bi Mwanaharusi alijifunika uso kwa ushungi wake, na mabega yakawa yanatikisika. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikagundua kuwa nilimpenda yule mwanamke kidogo, jambo ambalo lilinikera.

Nilikaa nikafikiri. Kilitakiwa chakula kisichopikwa, kisichooza, chepesi kubebwa, na kisichofanana na chakula. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Mohoro. Msimu wa maembe alikuwa akiponda rojo lake, analipaka juu ya majani ya mgomba, analianika juani mpaka linakauka na kubanduka kama ngozi. Tulikuwa tukilitafuna miezi baadaye, wakati miembe haina hata ua. Lakini bibi yangu alikuwa na jua. Mimi nilikuwa na mvua ya vuli, asubuhi na jioni, na mawingu ya kuongezea.

Lakini nilikuwa na tanuri.

Nikachuma maembe sindano, yale madogo yenye nyuzi, matamu kuliko yote. Nikayamenya, nikayaponda kwenye kinu, nikalikamua rojo kwenye kifumbu tunachochujia nazi ili nyuzi zibaki nyuma. Nikawasha tanuri mpaka kuta zikawa nyeupe kwa moto. Halafu mkono wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utoto. Mofa huchotwa, hubandikwa ukutani kwa kofi moja, husubiriwa kidogo, hubanduliwa. Nikachota rojo, nikalibandika kwa kofi.

Lililia. Likateleza, likatoa povu, likawaka. Ndani ya muda mfupi tanuri langu lote lilikuwa na lami nyeusi ndani, na harufu ya sukari iliyoungua ikaenea kijiji kizima cha watu waliofunga. Watu walitoka nje kuuliza ni nani anayewatesa. Bi Mwanaharusi akaja, akachungulia tanurini, akanitazama. Akasema kwa upole kwamba sasa nimeanza kuoka maembe, na kesho nitaoka maji.

Kutwa nzima nilikwangua lami ile kwa kifuu, na kila nilipokwangua nilikasirika, na kadiri nilivyokasirika nilifikiri vizuri zaidi. Mofa hupenda hasira ya moto. Bibi yangu hakutumia moto kabisa, alitumia joto la jua, la polepole, la kutwa. Nilichohitaji ni tanuri lililokwisha kukasirika.

Kesho yake niliwasha moto, nikauacha ufe wenyewe. Nikachota makaa yote. Nikaingiza mkono, nikangoja mpaka niliweza kuuacha mle ndani nikasoma Fatiha yote bila kuungua. Nikayapitisha majani ya mgomba juu ya makaa yalegee, nikayapaka mafuta ya nazi, nikalitandaza rojo jembamba kwa mgongo wa upawa, nikayalaza juu ya ungo. Ungo nikauweka juu ya mdomo wa tanuri, nikaufunika kwa ungo mwingine, nikaacha upenyo mvuke utoke. Joto lilipopungua nilirudisha makaa machache chini. Mvua ilinyesha, nami nilikaa chini ya makuti nikilinda tanuri langu kama mama anayelinda mtoto mwenye homa. Sikuonja hata kidogo. Harufu ilikuwa inanipanda puani, tumbo likinguruma, nami nikawa namwomba Mungu anihesabie funga ile kuwa mbili.

Jioni nilishika ncha ya jani nikavuta. Likabanduka. Mkononi nilibaki na karatasi ya embe, nyekundu ya kahawia, laini, inayopinda bila kukatika. Nilipoinyanyua kwenye mwanga niliona vidole vyangu upande wa pili. Nikapiga vigelegele peke yangu nyuma ya nyumba.

Adhana ilipoita nikampa mama mkwe kipande cha kufuturia. Akakitia kinywani kwa mashaka. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kitu kile kinanata, hakikubali kumezwa haraka, na utamu wake unazidi kadiri unavyokitafuna. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, futari ikapita bila neno lake. Mwisho akameza, akanyoosha mkono tena. Asubuhi nilimkuta chini ya mwembe anachuma.

Tulioka kila siku. Jirani mmoja akaleta kuni, mwingine akaleta majani ya mgomba, na walionicheka wakawa wanapanga foleni kuponda maembe kinuni kwangu. Sitadanganya kwamba sikufurahia. Nilifurahia sana. Karatasi zile tulizikunja misokoto, na tulipoitazama misokoto hiyo imelala kwenye mkeka, ilikuwa kama ngozi za ngoma. Mimi ndiye niliyeliona hilo. Nikainua macho, nikaitazama ngoma ya Bi Mwanaharusi, imeegemezwa ukutani.

Hapo lazima nieleze. Mama mkwe alikuwa kungwi, na ngoma ile ya unyago aliirithi kwa mama yake. Ni gogo lililotobolewa, refu kufika kiunoni, mdomo mmoja umewambwa ngozi na kitako kimezibwa kwa ubao. Haikuguswa na mtu asiye kungwi, wala haikufunguliwa ila ngozi ikichanika, na hapo ilifunguliwa kwa dua na ubani. Mimi, mwanamke wa kuoka, nikamwambia tuifungue, tuijaze maembe.

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akasema ngoma ile imeimbiwa wasichana ambao sasa ni bibi za watu. Akasema haiwezi kuwa kikapu. Hapo ndipo nilipomjibu mkwe kwa mara ya kwanza kwa sauti.

"Mama, wale wasichana wote iliwafundisha kulea watoto wao. Wa kwako anakufa njaa."

Aliingia chumbani. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Alirudi na kisu na chetezo cha ubani, akakaa chini, akaanza kukata kamba mwenyewe, machozi yakimdondoka juu ya ngozi.

Tulijaza mpaka hapakupita hata kidole. Ngozi tukaiwamba tena. Misokoto iliyobaki Bi Mwanaharusi aliifunga kwa ukambaa, akaitia kwapani, akasema hizo ni ngozi za akiba. Safari ilimchangamsha yule mwanamke. Tukaondoka na Miraji ameibeba ngoma, tukashuka kuelekea mtoni.

Kivukoni askari walikuwa wamekaa chini ya kibanda. Mkubwa wao, ombasha mwenye kofia nyekundu, alisimama. Alifungua mafurushi yetu, akatikisa nguo, akanusa kibuyu cha maji. Bi Mwanaharusi akamweleza kwamba yeye ni kungwi, anakwenda kwa ndugu zake huko delta, kuna wasichana watachezwa Idd ikipita. Ombasha akazinusa zile ngozi za akiba. Zilinuka moshi, akaridhika. Mimi nilikuwa nimeitazama ngoma iliyotuliwa chini. Sisimizi walikuwa wameanza kuipanda, mstari mmoja mwembamba, kutoka ardhini hadi penye kamba za ngozi. Nikasogea nikasimama mbele yake, kanga yangu ikaufunika ule mstari. Waliamua kunipanda mimi. Walinipanda mguu mzima, nami sikutikisika.

Ombasha akaigonga ngoma kwa kidole ubavuni. Akakunja uso. Akamwambia mama mkwe:

"Ipige, nisikie."

Nilijua ngoma ile ikipigwa itatoa sauti ya godoro. Miraji alikuwa anautazama mto, nikajua anapima kama anaweza kuruka. Bi Mwanaharusi alijishika kiuno, akamtazama ombasha kama anavyowatazama wasichana wasioketi vizuri.

"Mwanangu, weye umefunga?"

Akasema amefunga.

"Mie nami nimefunga. Na huyu amefunga. Mwezi wa Mwenyezi Mungu, jua limesimama utosini, unaniambia mie, mtu mzima, nikupigie ngoma ya unyago? Mama yako alikulea wapi?"

Askari wengine wakaangalia chini. Na wao walikuwa wamefunga, midomo imekauka. Mmoja akasema taratibu kwamba bibi asemalo ni kweli. Ombasha akaona aibu, na aibu ya mtu mwenye bunduki ni kitu cha kutisha, lakini ilipita. Akasema haya, vukeni, ila Idd ikiisha mtarudi hapa hapa, na siku hiyo ataisikia.

"Utaisikia mpaka uchoke," akasema mama mkwe, akapanda mtumbwi.

Shaabani nilimkuta amelazwa juu ya vitawi vya mkoko, amekuwa mifupa na macho. Hakunitambua mara moja. Bi Mwanaharusi akaifungua ngoma mwenyewe, harufu ya maembe ikatoka ikajaa mle kwenye matope na chumvi, na wale wanaume waliokuwa wamelala wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwa viwiko. Mgonjwa hafungi, basi nikamtilia mume wangu kipande kinywani. Akatafuna kwa muda mrefu sana, machozi yakimtoka. Kisha akauliza ni nani aliyetengeneza kitu hiki.

"Mkeo," mama yake akamwambia. "Kwa lile tanuri."

Nilitaka aseme tena. Nilikuwa radhi aseme mpaka Idd.

Hapakuwa na moshi, hapakuwa na chungu, wala mashua iliyokuja kutazama. Walikula asubuhi, wakala jioni, na kila siku paja la Shaabani lilijifunga zaidi. Mwezi wa Idd ulipoandama alisimama kwa fimbo akasali na wenzake kwenye kichanga kati ya mikoko. Nguvu za kushika kasia zilikuwa zimewarudia. Miraji alikuwa na ndugu kwenye visiwa vya mdomoni mwa mto, mahali ambapo askari hawakuwa na haja ya kufika, na walipanga kuondoka maji yakijaa. Shaabani hakutaka kuondoka kabla ya kujua kwamba sisi tumevuka salama. Nikamwambia hatuna njia ya kumjulisha. Mama yake akasema, mtasikia.

Mimi na mama mkwe tulirudi na ngoma tupu, ngozi imewambwa na kukazwa juani mpaka ikalia kwa kugusa. Kivukoni ombasha alikuwa amesimama, anatungoja, bunduki begani, uso umejaa yale aliyoyaweka rohoni tangu siku ile.

"Idd imepita," akasema. "Sasa piga."

Bi Mwanaharusi akanigeukia. Ngoma ile haikuguswa na asiye kungwi, nimeshasema. Akaiweka mbele yangu.

"Piga weye, mwanangu," akasema. "Piga wasikie wote."

Nikapiga. Ikaitika kwa sauti nzito, kamili, ikatoka pale kivukoni ikapita juu ya maji na juu ya mikoko yote, na mama mkwe wangu akaanza kucheza mbele ya askari, mikono juu, vigelegele vinamtoka. Ombasha mwenyewe akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo, ameridhika kabisa. Aliniambia niongeze nguvu.

Nikaongeza. Na huko mbali, nyuma ya mikoko, mume wangu akasikia, akatia kasia majini.