Mlango Wazi wa Nodi Yangu

Kabla hujanihurumia, jua kwamba niliyataka mwenyewe.

Karatasi ya masharti niliiandika mimi, nikaibandika maktaba kwa yeyote anayetaka kuendesha nodi ya bitcoin, yaani kompyuta inayotunza nakala ya miamala yote ya sarafu hiyo na kuihakiki bila kumtegemea mtu. Diski ya terabaiti mbili, ile ya kasi. Kumbukumbu ya gigabaiti nane. Umeme usiokatika. Mwisho, kwa wino mwekundu: intaneti isiyo na kikomo.

Ya kwangu ilikuwa na kikomo. Tena haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu Arlene Tvedt, aliyeniruhusu niinase kwa antena ng'ambo ya shamba la ngano, nami nikimwondolea theluji njiani kwake. Bando lake likiisha kabla ya mwezi kwisha, kasi hushuka ikawa ya konokono.

Sasa, sisi wa nodi tuna kajivuno ketu. Nodi yako ikifunga mlango, ikawa inapokea tu bila kuzigawia nodi ngeni nakala yake, unaitwa kupe. Mimi nilishapoteza akiba yote kwa kumwamini tapeli, ndipo nikaweka nodi nisimtegemee mtu. Kupe sikutaka kuwa. Nikafungua mlango, kikomo cha kupakia nikakifuta. Nodi za watu mia nisiowajua zikawa zinakunywa kwangu usiku na mchana.

Arlene akaanza kulalamika mtandao unakwama.

"Ni zile video zako za keki," nikamtania. "Utalimaliza bando la jimbo zima la Montana!"

"Nyamaza wewe!" akacheka. "Na keki yenyewe haiumuki."

Ghala la nafaka alikofanya kazi lilikuwa limefungwa. Akaomba kazi ya kupokea simu za hospitali akiwa nyumbani. Nao wakampa karatasi yao ya masharti, na usaili wa video Jumanne saa nne asubuhi.

Saa tano akawa mlangoni kwangu na nusu pai mkononi.

"Picha iliganda, Merle. Wamesema mtandao wangu haufai. Na nilivyojibana! Wiki mbili sijamwona mjukuu wangu kwenye video, kwa sababu ya maneno yako. Nisamehe, labda na wewe nimekukwamisha."

Nyuma yangu nodi ilikuwa inapepesa taa, soksi zangu zikikaukia juu yake.

"Arlene, si keki."

"Ni nini basi?"

"Ni mimi." Nikamwonyesha kwenye skrini: karibu bando lote lilikuwa limepita kwangu.

Akaiinamia skrini.

"Hao unaowagawia wanakujua?"

"Hapana."

"Mimi nakujua."

Nikachomoa waya. "Nitawaandikia hospitali barua, niwaeleze."

"Barua? Mimi nilikaa mbele ya kamera, Merle. Na wewe utakaa."

Tarehe mosi bando lilianza upya, na hospitali wakakubali kumjaribu tena. Akanivutia kiti cha jikoni. "Huyu ni jirani yangu," akamwambia mama wa hospitali. "Ana neno."

Nikasema yote, hadi keki. Nilikuwa naomba moyoni picha igande. Haikuganda hata mara moja. Pembeni mwa skrini nilijiona, masikio mekundu kama pilipili, picha safi kabisa.

"Haya, nipishe," Arlene akasema.

Kazi aliipata. Pai yake sijaonja tena, wala sijaiulizia.