Mguu wa Serikali

Mume wangu Anselm ana mguu wa serikali. Simtukani, hata yeye anajua. Miaka ishirini na saba aliendesha gari la ofisi, mafuta yanatoka kwa karatasi yenye muhuri, na mtu wa namna hiyo hajui kwamba pedeli ya mafuta ina katikati. Kwake ina juu na ina chini, basi. Akiwasha gari asubuhi pale kwetu mtaa wa Chemchem analiungurumisha mpaka mabati yanatetemeka. Jirani yetu Renatus hajawahi kununua saa ya kumwamsha.

Alipostaafu tulinunua pikapu, Hilux kuukuu ya petroli, nusu kwa kiinua mgongo chake na nusu kwa karanga zangu. Tukagawana kazi bila kuandikishana: yeye dereva, mimi mfanyabiashara. Kila Alhamisi tunakwenda Igalula kwa Minza, rafiki yangu, ambaye hukusanya karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, kutoka kwa akina mama wenzake. Tunapakia, tunarudi, nauza sokoni Tabora. Leseni ninayo tangu nina miaka arobaini na sita, lakini nyumbani kwetu ilikuwa kama cheti cha ubatizo: iko kabatini, na hakuna anayeiulizia.

Halafu mafuta yakapanda. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei mpya ilipotangazwa mtaa mzima ulitega sikio, na mtaa mzima ukaanza kubadilika. Renatus, aliyekuwa akiwasha gari kwenda buchani hapo mbele tu, alianza kwenda kwa miguu, ila njia nzima anazungusha ufunguo kidoleni tusije tukasahau kwamba ana gari. Watu waliokuwa wakienda misa kila mmoja na gari lake sasa walijibana watano kwenye gari moja, kwa zamu. Vijana wa bodaboda walizima injini wakisubiri abiria. Kila mtu alijifunza kitu, isipokuwa mume wangu. Yeye alikanyaga kama zamani, kisha akirudi nyumbani analaumu chombo.

"Gari hili linakunywa," alisema. "Tuliuze."

Nilidhani ni maneno ya njaa. Jumanne moja akaniambia ameshapata mteja, mtu mmoja wa Nzega anaitwa Gerson. Atakuja Jumapili baada ya misa, akilipenda anaondoka nalo.

Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini. Bila pikapu ile, Minza na wenzake wangeuza karanga zao kwa walanguzi wanaopita na vipimo vyao vya ajabu, na mimi ningebaki mama wa kukaa barazani nikiangalia nani kapita na nani kavaa nini. Nina miaka hamsini na minane, nguvu ninazo, na kazi ile naipenda kuliko ninavyojua kusema. Niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Gari halinywi, Baba Theodora," nikamwambia. "Mguu wako ndio unaolinywesha."

Alicheka. Angenijibu kwa hasira ningevumilia, lakini alicheka. "Mama Theodora, mimi nimeendesha mpaka Mpanda wakati wa masika. Wewe umeendesha mpaka sokoni."

"Basi tupimane," nikasema. "Alhamisi uende Igalula wewe, Ijumaa niende mimi. Njia ile ile, magunia manane kila mtu. Tunajaza tanki mpaka shingoni kabla ya kuondoka, tukirudi tunajaza tena, pampu itasema nani mlevi. Ukinishinda, Gerson achukue gari, na chai nitampikia mwenyewe. Nikikushinda, gari haliuzwi, na ufunguo unakaa kwangu."

Alikubali hata kabla sijamaliza. Tena alikwenda kuwatangazia vijana wa bodaboda wa pale sheli tunapojaza mafuta, ili wapate la kucheka wikiendi nzima.

Alhamisi nilikaa pembeni yake kimya, na wanaonijua wanajua hilo lilinigharimu kiasi gani. Anselm aliendesha kama anawahi ndege na bosi yuko nyuma. Akiliona lori mbele analikimbilia, akilifikia anafunga breki, kisha anapiga honi. Igalula aliacha injini ikinguruma muda wote tulipokuwa tunapakia, tabia ya dereva aliyezoea kumsubiri mkubwa. Wakati wa kurudi tulikuta ng'ombe wakivuka barabara kwenda bwawani. Tuliwafikia kwa kasi, tukasimama kwa breki mpaka magunia yakasogea, tukakaa hapo tunaunguruma, tukaondoka kwa kishindo. Nilitazama dirishani tu.

Pale sheli, Najiat, binti anayehudumia pampu, alijaza mpaka petroli ikaonekana mdomoni. Lita kumi na nukta mbili.

"Umeona?" Anselm akaniambia. "Nilikwambia gari bovu."

Ijumaa niliamka kabla yake. Nilishusha kutoka nyuma ya pikapu sanduku lake la vyuma, giaboksi ya gari ambalo halipo tena duniani, na rimu mbili zilizopinda, vitu alivyovibeba tangu anastaafu kwa ajili ya dharura. Nikapeleka matairi yakajazwe upepo, maana yalikuwa yamelegea. Anselm alipotoka na kuviona vyuma vyake uani alilalamika.

"Tulisema magunia manane," nikamjibu. "Giaboksi hatukuitaja."

Sasa nieleze kitu ambacho mume wangu alikijua miaka yote lakini hakuwahi kukifikiria. Mimi nimezaliwa Usinge, na baba yangu alikuwa mrina asali. Tangu nina miaka kumi na minne nilipeleka ndoo za asali Kaliua kwa baiskeli, ndoo mbili nyuma na moja mbele, uzito kunizidi mimi mwenyewe. Ukiwa na mzigo ule, kila mwendo unautoa mapajani. Ukiona kilima kwa mbali, unajiandaa ukiwa bado tambarare. Ukiona mbuzi kandokando, unaacha kukanyaga mapema na kuiachia baiskeli ijipunguze yenyewe, kwa sababu ukifunga breki umetupa jasho ulilokwisha kulitoa, na itabidi utoe jingine. Hakuna aliyenifundisha. Miguu ilijifunza yenyewe kwa kuumia.

Nilipokuja kujifunza gari, mwalimu wangu alishangaa kwamba sikukanyaga breki ovyo. Alidhani naogopa.

Basi tukaondoka, mimi kwenye usukani na Anselm pembeni. Kwenda kulikuwa kuzuri. Nilishika mwendo mmoja, sikumkimbilia mtu, na vilima nilivianza kutoka mbali. Bodaboda ilitupita, kisha nyingine yenye abiria wawili na mbuzi. Anselm akashusha kofia mpaka machoni.

"Watu wananijua barabara hii," akasema.

"Jifanye umelala," nikamwambia.

Igalula nilizima injini kabla hata ya kusalimiana. Minza alikuwa anajua habari zote, sijui nani kamfikishia. Wakati magunia yanapakiwa alinivuta pembeni. "Mama Theodora, akinunua huyo mtu wa Nzega, sisi tunampa nani karanga?"  Nilimwambia afunge vizuri kamba.

Nusu ya njia ya kurudi, ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu. Gari dogo jeupe lilitufikia kwa nyuma, limejaa watu wa mtaa wetu waliokuwa wametoka mazikoni kwa usafiri wa pamoja. Lilipokuwa linatupita, Renatus alitoa kichwa dirishani.

"Mama Theodora, tukuvute?"

Wakacheka wote humo ndani. Damu ikanipanda. Sikuamua, mguu ndio ulioamua: ukaenda chini wote, injini ikalia, mshale wa spidi ukapanda, na mimi nikawafukuza, nina magunia manane ya karanga mgongoni na akili imeniruka. Nilitaka tu nimwone Renatus usoni nikimpita. Kilomita nzima nilikwenda hivyo.

Anselm akavua kofia. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa," akasema, "sasa ndiyo unaendesha."

Sifa ile ilinimwagia maji baridi. Kama Anselm anausifu uendeshaji wangu, basi nimeshashindwa. Nikamwona Gerson akizunguka gari langu Jumapili na kuligonga mabodi kwa vidole, nikamwona Minza na kamba yake. Nikaondoa mguu na kuliacha gari lipungue lenyewe. Kisha nikavua kandambili, nikazisukuma chini ya kiti, nikaweka unyayo mtupu juu ya pedeli. Usinge sikuwahi kuendesha baiskeli na viatu.

"Wataondoka hao," Anselm akasema.

"Waende. Wakifika kwanza watatusubiri."

Baada ya hapo sikumsikiliza tena mtu. Nilisikiliza unyayo. Tulipokaribia mahali pa ng'ombe niliona vumbi juu ya miti, mbali kabisa, na nikaachia mafuta palepale. Anselm akaniuliza tunasimama kwa nini, mbona barabara nyeupe.  Pikapu ilijiendea taratibu, ikaendelea kupungua, na tulipotokeza kwenye kona ng'ombe wa mwisho alikuwa anashusha kwato upande wa pili. Mchungaji akatupungia fimbo. Tukapita bila kugusa breki.

Anselm aligeuka akawatazama wale ng'ombe mpaka wakapotea. 

Pale sheli vijana wa bodaboda walikuwa wameshakusanyika, na Renatus naye yupo, kashushwa na wenzake makusudi asikose. Nilishuka bila viatu.

"Shikamoo mama," Najiat akasema, akinitazama miguu.

"Marahaba, mwanangu. Jaza mpaka shingoni, kama jana."

Namba zikaanza kukimbia. Tatu. Nne. Watu wote shingo zimeelekea pampuni. Tano. Sita ikapita nikaanza kuikumbuka ile kilomita yangu ya hasira, na nikajichukia kwa dhati. Saba ikapita. Nikashika mlango wa gari. Pampu ikakata kwenye saba na nukta moja.

"Kuna hewa," Anselm akasema haraka. "Tikiseni gari."

Vijana wakalitikisa, yeye mwenyewe akitikisa kuliko wote. Najiat akaongeza kidogo kidogo mpaka petroli ikaonekana mdomoni, akaniita nione, akamwita Anselm naye aone. Kisha akasoma kwa sauti, tena polepole, kama anayetangaza matokeo ya mtihani.

"Saba na nukta sita."

Vijana walipiga honi zote kwa pamoja. Mmoja alinizungushia kanga mabegani, sijui aliitoa wapi. Renatus alipiga makofi mpaka ufunguo ukamdondoka. Nami sitajifanya mnyenyekevu: nilifurahi mpaka nikacheza, palepale kwenye lami yenye moto, peku. Tangu siku nilipofikisha ndoo tatu Kaliua bila kumwaga tone sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

Anselm alisubiri nimalize kucheza. Kisha akanipa ufunguo, mbele ya wote, kwa mikono miwili.

Jumapili Gerson alikuja kutoka Nzega kwa basi, maana na yeye gari lake lilikuwa limeegeshwa kwa sababu ya mafuta. Alilizunguka gari, akaligonga mabodi kwa vidole kama nilivyojua atafanya, akamuuliza mume wangu bei ya mwisho.

"Muulize mwenye ufunguo," Anselm akasema.

"Haliuzwi," nikasema. "Karibu chai."

Akanywa vikombe vitatu, akala na karanga. Alipokuwa anaaga aliniuliza kama naweza kwenda Nzega kumfundisha mwanawe anayemmalizia mafuta. Nilimwambia nitafikiria, nina mwanafunzi mwingine wa kuanza naye.

Sikuwa na hakika nilipolisema hilo. Lakini Alhamisi iliyofuata nilipotoka ndani, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga, nilimkuta Anselm amesimama upande wa dereva. Viatu alikuwa amevishika mkononi.

"Nionyeshe," akasema. Hakucheka, wala hakunitazama usoni.

Nikafungua pindo, nikampa. Akapanda, akaweka unyayo wake mweupe wa mstaafu juu ya pedeli, akawasha. Nilimwekea mkono gotini mpaka tulipotoka mtaani, na hakuutoa.

Jioni tulipokuwa tunakula Renatus alibisha hodi, uso umejaa wasiwasi. Alikuwa amechelewa kazini, akasema, na siku nzima hakuwa na amani. Alitaka kujua kama mzee anaumwa, maana asubuhi hakusikia gari likiondoka.