Tundu Katika Dhahabu

Blanchard, mkaguzi aliyekuja kwa ndege kutoka Lubumbashi, alibandika karatasi nyekundu ya kuifungia kwenye mashini ya kupiga picha za mifupa kabla hata hajaonja chai. Mashini yenyewe moja tu, hospitali nzima.

"Mama Tshibola, hii imekufa. Elektroni zake zinapashwa kugonga pahali padogo. Zinatawanyika milimeta tatu! Mufupa ukipasuka, hautaona kitu."

Tshibola, mwendeshaji wa mashini hiyo, akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Karatasi imtishe yeye? Wakati wa vita kamanda mmoja alikuja na askari wanane kuichukua mashini hiihii aipeleke kwenye machimbo ya Kama, maana kinachoona mifupa ndani ya mtu, alidai, kitaona na dhahabu ndani ya mlima. "Leta mulima huku juu ya meza," Tshibola alimjibu, "nitaupiga picha." Alifungwa siku nne, akang'olewa meno mawili. Mashini haikutoka.

Sasa akachukua kibati cha kupimia cha Blanchard. Kina tundu dogo. Miale ya mashini hupita humo na kuchora, kwenye kigunduzi cha upande wa pili, umbo la pale elektroni zinapogonga.

"Kibati yako njo mbovu. Ni nyembamba, na tundu imeliwa. Miale inapenya kandokando. Umepima kibati, haukupima mashini."

"Ofisi njo ilinipatia."

"Basi ofisi pia imekosa. Ningojee."

Alikwenda sokoni kwa Masudi, sonara, akavua pete ya ndoa. Dhahabu huzuia miale kuliko bati lolote.

"Mama! Pete ya marehemu Ilunga?"

"Ponda. Kisha utoboe katikati, na sindano yako ndogo kabisa."

Nyundo ya kwanza ilimuuma kama aliyepigwa yeye. Hakugeuza uso.

Hospitalini Blanchard akakataa kuondoa karatasi yake. Tshibola akaichana mwenyewe, akaweka kipande cha dhahabu mahali pa kibati, akawasha mashini. Kwenye kompyuta ya Blanchard likatokea doa dogo, kali. Milimeta moja.

Blanchard akafuta miwani. "Nitaandika kama tulipima mara mbili."

"Hapana, papa. Andika ulikosa."

Akaandika. Kisha, kwa sauti ya chini, "Masudi anaweza kuifanya tena pete, Mama."

Tshibola alikuwa ameshakifunga kile kipande ndani ya kitambaa na kukitia kwenye saraka ya mashini.

"Ibaki hapa. Mutatuma mukaguzi mwingine."