Ebenezeri Hayumo Kitabuni

Jumanne ya pili ya Juni, mwaka tisini na sita, Elisifa alikuwa nyumbani kwake Machame akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, baiskeli ya mumewe ilipoingia uani peke yake. Ilifuata njia ya kando ya mfereji, ikapunguza mwendo kwenye kona yenye utelezi, ikajiegemeza kwenye banda. Kiti chake kilikuwa na barafu. Elisifa alimaliza mgomba aliokwisha kuuanza, akanawa mikono, akaenda kuikagua. Breki zilikuwa nzima na mnyororo mzima. Mwenye baiskeli hakuwepo.

Ebenezeri alikuwa ameondoka siku kumi nyuma kwenda kutafuta njia. Ndiyo kazi aliyopewa. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kupeleka wageni mlimani, kila mwenye Land Rover moja na meza moja pale Moshi mjini alijiita kampuni, na Aristides wa Shirimatunda hakutaka kupitwa. Alitaka kitu ambacho wenzake hawana: njia ya baiskeli ya kuvuka mpaka upande wa pili wa mlima, kupitia lile pengo la juu lililo kati ya matuta mawili ya mawe. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda kwa miguu hata kufika msituni. Ebenezeri aliwahi kulivuka pengo hilo ujanani, akifuata asali na baba yake. Basi akapewa baiskeli ya gia, ramani ya fotokopi na unga kilo nne. Sweta alijinunulia mwenyewe, ya mitumba, kule soko la Memorial.

Elisifa alivaa viatu vya kanisani akaenda mjini. Aristides alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, kisha akauliza swali moja tu.

"Na baiskeli haijaharibika?"

Alipojibiwa kwamba haijaharibika, alishukuru Mungu. Kuhusu Ebenezeri alisema kampuni haina taarifa. Na kweli haikuwa nayo, kwa sababu ilihakikisha haiwi nayo. Jina likiandikwa kwenye geti la hifadhi ni la kulipiwa, na mwenye jina akifa ni la kujibiwa, kwa hiyo Ebenezeri alikuwa amepitishwa kwa njia ya msituni, alfajiri, kabla geti halijafunguliwa. Elisifa alirudi nyumbani na hasira, hata chenji ya nauli akasahau kuidai.

Barafu ya baiskeli haikuyeyuka siku hiyo wala siku iliyofuata. Elisifa aliweka ndoo ya maziwa juu ya kiti, na maziwa ya jioni yakafika asubuhi bila kuchacha. Majirani wakaanza kuleta ya kwao. Walimpa pole, wakamwambia aliyeko juu mngoje chini, wakimaanisha Aristides. Aliwaambia walete maziwa lakini methali wabaki nazo.

Alhamisi alimchukua shemeji yake Aminieli, wakapanda. Baiskeli ilitangulia. Kwenye mwinuko mkali ilisimama kuwasubiri, na palipokuwa na tope ilipita pembeni ili waone pa kukanyaga. Siku ya tatu walifika kwenye pengo. Ebenezeri alikuwa amekaa, mgongo kwenye jiwe, anachora njia kwenye daftari. Alikuwa amekufa. Alisema mwenyewe kwamba ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, kwa baridi, na kwamba njia ameipata: upande wa kushoto baiskeli inapita vizuri kabisa, kulia hapana.

Elisifa alimfunika kitenge chake, akalia. Akamuuliza kama hakuna mtu aliyepita. Ebenezeri akasema walipita, kesho yake Jumamosi, wapagazi wa Aristides huyo huyo wakiwa na wageni wawili wa kwenda kileleni. Walitaka kumbeba. Kiongozi wao akawakataza, kwa kuwa kumshusha maiti kunataka watu sita na wageni walikuwa na ratiba. Ila hema walilichukua, kwa sababu ni mali ya kampuni. Aminieli aliokota jiwe akalirusha bondeni, halafu lingine, mpaka mkono ukamuuma.

Walishuka watatu pamoja na baiskeli. Getini walimkuta karani, Flavia, binti mwenye adabu, akawapa shikamoo wote watatu na kufungua kitabu. Alisoma kurasa za Mei na za Juni kwa kidole. Aminieli na Elisifa walikuwemo. Ebenezeri hakuwemo. Flavia alieleza kwa upole kwamba asiyeingia hawezi kutoka.

Walijaribu njia ya msituni. Ebenezeri alipovuka mpaka wa hifadhi alijikuta ameketi tena kule kwenye pengo, akalazimika kushuka upya siku tatu. Walijaribu usiku, walijaribu Jumapili wakati wa ibada, matokeo yakawa yale yale. Flavia naye hakupenda. Alisema inatosha kampuni iandike barua ya mstari mmoja kwamba ilimtuma, naye ataliandika jina siku hiyo hiyo, na mzee atatoka kama watu wengine.

Mstari mmoja! Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya baba yake Ebenezeri, na Mmachame hazikwi kwingine huku kihamba chake kipo. Kwa siku tisa Elisifa alikwenda Shirimatunda kuomba mstari huo, na kwa siku tisa aliambiwa bwana ametoka.

Siku ya kumi, Jumapili, Aristides akaja mwenyewe, na suti yake, na jani la sale mkononi, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Kila mtu pale anajua maana yake. Mwenye kuleta sale, hata kama ameua, anasikilizwa na kusamehewa, na anayelikataa anaita mkosi juu ya nyumba nzima na watoto ambao hawajazaliwa. Wazee wa ukoo wakaitwa. Aristides akaongea vizuri, sauti imemshuka, akasema yeye ni mtoto wao na amekosa.

Elisifa alilitazama lile jani. Shina lake lilikuwa bado linatoa maji. Akageuka kutazama kaburi la baba mkwe, na pale kwenye masale yaliyopandwa kichwani pake akaona kovu bichi. Kumbe Aristides hakuja na jani. Kwake Shirimatunda alikwisha kung'oa masale yote ajenge gereji, na alipokumbuka alikuwa ameshafika. Akachuma hapo hapo, kwenye kaburi la watu anaokuja kuwaomba msamaha. Haya hana, na soni hana.

Aminieli alisema sale la namna hiyo ni wizi juu ya kosa. Wazee wawili walikubaliana naye, wanne hawakukubali. Walibishana mpaka pombe ya mbege ikaisha, wakaamua kwamba sale ni sale, haliulizwi limetoka wapi. Elisifa hakuridhika, lakini alikuwa na watoto wanne na wajukuu njiani. Alinyoosha mkono akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa andika barua."

Aristides alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama, si umeshasamehe? Yameisha. Barua ya nini tena?"

Wazee wakatazama chini. Dereva wa Aristides akaipandisha baiskeli juu ya Land Rover, na daftari la njia, ambalo Aminieli alikuwa ameliweka mezani liwe ushahidi, likaondoka humo.

Njia ilifunguliwa Januari na kampuni ikanunua gari la pili. Wageni wakifika kwenye pengo humkuta mtu mwenye sweta na kitenge, anawaonyesha wapite kushoto. Humsifu sana. Aristides huzisoma barua zao kwa furaha, maana ni kiongozi asiyekula, asiyelala hemani na asiyeandikwa popote. Kule kihambani kaburi liko wazi. Kila masika Aminieli hulikomba maji na kukata mizizi ya migomba inayoingia, huku akitukana.

Jumamosi Elisifa hupika kiburu cha ndizi na maharage na kwenda getini. Flavia huwatolea viti viwili, kimoja kila upande wa chuma cha geti, nao hula na kuongea habari za ng'ombe na za watoto. Wiki iliyopita Ebenezeri alileta karatasi aliyopewa na mgeni, ya kutangaza kampuni, yenye picha yake akiwa amenyoosha mkono. Flavia aliwasomea maneno ya chini ya picha kwa Kiswahili. Yalisema: mzoefu wetu wa miaka mingi, aliye nasi daima.

Elisifa aliichana vipande vidogo, na kila kipande akakichana tena, na hakuna aliyemzuia. Saa kumi na mbili Flavia alisema anafunga. Ebenezeri alishukuru kwa chakula, akamrudishia mkewe bakuli, akaanza kupanda, kwa sababu kulikuwa na wageni wanane wa baiskeli wanaofika Jumanne, na ni mwendo wa siku tatu.