Sufuria za Msiba wa Egidia

1.

Leo amekula uji. Si wote. Kijiko amekiosha mwenyewe.

Hiyo ndiyo habari. Wewe uliyekuja kutafuta habari kubwa, vuta kigoda ukae. Huku kwetu habari zinatoka polepole.

2.

Mimi ni bibi yake, Osmunda. Egidia nimemlea tangu mama yake alipofariki. Egidia alikuwa Makambako akiuza kwenye duka la dawa. Akarudi hapa Mbinga na begi moja, akasalimia, akalala. Nikadhani ni uchovu wa gari.

Mvua za kupandia zikaja. Zikaisha. Bado amelala.

Watu wakaniuliza. Mwanaume? Hapana. Mimba? Hapana. Kafukuzwa kazi? Wanampigia simu arudi.

Hakuna kilichotokea. Nimejifunza kulisema bila kuinamisha kichwa: hakuna kilichotokea, na anaumwa.

3.

(Egidia)

Wanadhani ni huzuni. Huzuni ningeijua. Ningelia.

Umewahi kuulalia mkono wako ukaamka si wako? Unaugusa, na ni kama unamgusa mtu mwingine.

Ndivyo hivyo.

Ila ni mimi

nzima.

4.

"Bibi."

"Naam, mama."

"Sioni haja ya kuendelea kuwepo."

Nilikuwa nachambua maharage. Mikono sikuisimamisha. Niliona nikisimama ataogopa, atanyamaza tena.

"Unataka kufa?"

"Kufa sijui. Nimechoka kuwepo."

"Umefanya vizuri kuniambia. Asubuhi twende zahanati, ukamwambie na nesi."

"Nitamwambia nini?"

"Hivyo hivyo."

Nikavuta godoro langu nikaliweka karibu na lake. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia upande ule panavuja. Hakukuwa na mvua.

5.

TANGAZO

KLINIKI YA AFYA YA AKILI
Kila Jumatano, chumba cha mwisho, baada ya chumba cha chanjo.
Mgonjwa afike na msindikizaji.
NI MARUFUKU kuacha dawa kwa sababu tu umepata nafuu.

Na chini yake, kwa kalamu, mwandiko wa mtu mwingine:

mlango unakwama, sukuma tu, tupo

6.

Ningependa kumjua aliyeandika hayo ya kalamu.

Nesi Blandina alitusikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Akatoa vidonge. Akasema havitafanya kazi leo wala kesho, tusikate tamaa tukavitupa.

"Na wewe Bibi, usimwache peke yake. Mpe kazi. Iwe ndogo. Iwe na mwisho, aone ameimaliza."

Nikarudi nikiwaza kazi yenye mwisho. Kufagia? Majani yanaanguka tena. Kuchota maji? Tunayamaliza. Kupika? Kesho njaa ipo pale pale.

Nimeishi miaka yote hii sikuwa nimeona kwamba kazi zangu zote hazina mwisho.

7.



8.

Hapo juu sikusahau. Zilikuwa siku za hivyo.

9.

Kwenye simu, kikundi cha ukoo na majirani. Mimi nilisomewa baadaye. Nestory ni mwanangu wa mwisho, yuko Dar. Ana upendo mwingi na haraka nyingi.

NESTORY: (picha ya Egidia siku ya kipaimara, gauni jeupe) Ndugu zangu, tumkumbuke binti yetu Egidia katika sala.

NESTORY: (mshumaa unaowaka)

SHANGAZI KOLUMBA: Jamani. Egidia huyu huyu?

HAULE WA PERAMIHO: Poleni sana wafiwa.

MAMA DITRICK JIRANI: Mungu wangu. Jana tu nimesikia anakohoa.

HAULE WA PERAMIHO: Raha ya milele umpe ee Bwana.

SHANGAZI KOLUMBA: Na mwanga wa milele umwangazie.

NDUNGURU FUNDI: Turubai lipo, nalileta.

HAULE WA PERAMIHO: Ratiba ya mazishi tafadhali.

HAULE WA PERAMIHO: Nestory?

HAULE WA PERAMIHO: Muacheni, analia.

(Simu ya Nestory ilikuwa imeisha chaji.)

10.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nawasha moto. Nikasikia kilio kinatoka barabarani.

Nikasema, maskini, kuna wenzetu wamefiwa. Nikafunga kanga ya pili kiunoni ili niende nikawasaidie.

Kilio kikakata kona. Kikaingia kwangu.

Wanawake na sufuria vichwani. Wanaume na kuni. Ndunguru na turubai lake begani. Mama Ditrick akanikumbatia kwa nguvu, machozi yake yakaniingia shingoni.

"Pole, mama. Pole."

"Asante," nikasema. Mtu akikupa pole unasema asante.

Halafu nikauliza, "Amefariki nani?"

Mama Ditrick akanitazama kwa huruma kubwa. Akawageukia wenzake.

"Amechanganyikiwa. Mkalisheni."

Wakanikalisha.

11.

Chini ya turubai:

— Alikuwa mpole.

— Alikuja likizo akaniandikia kwenye boksi la dawa. Macho yangu haya hayasomi. Akanichorea jua kwa ile ya asubuhi, na mwezi kwa ile ya jioni. Boksi ninalo mpaka leo.

— Ila kile kicheko.

— Kama bata.

— Kama bata, kweli kabisa. Unakisikia ukiwa ng'ambo ya mto.

— Usiseme hivyo, ni marehemu.

— Marehemu mwenyewe alikuwa anajijua.

— Chumvi kaleta nani?

— Na nani kakata hivi vitunguu? Unakata kuni?

12.

(Egidia)

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote.

Wewe unayesoma unategemea niliguswa. Kwamba nililia, nikajua napendwa. Sikuguswa. Nilisikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani.

Niliwaza: kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Watakata vitunguu. Wataulizana chumvi.

Halafu kwa pembeni ya pazia nikamwona Bibi. Wamemkalisha kwenye mkeka. Kanga imemteleza kichwani. Anasema, "Yuko ndani, amelala, nendeni mkamwone," na mtu anampigapiga mgongo, anamwambia ndiyo mama, amelala, amelala kwa Bwana.

Hakuna anayemsikiliza.

Nikakaa kitandani.

Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimelala, nikakaa. Miguu ikashuka.

Tena maharage yalikuwa yanaungua.

13.

Akatoka na kanga yake ya kulalia. Nywele upande mmoja zimelala. Akapita katikati yao.

Kilio kikakatika hapa.

Kikakatika na kule.

Kuku.

Kuku tu.

"Maharage yanaungua," alisema Egidia.

Mzee Hyera, katekista wetu, alikuwa anatafuta ukurasa. Akafunga kitabu. Sahani ikaanguka mahali. Mtu akapiga ishara ya msalaba, akaipiga tena.

Mama Ditrick ndiye aliyekuwa na mwiko. Nikajua sasa atapiga yowe, atamrukia mtoto wa watu, atamshika huku na huku, na mjukuu wangu atarudi ndani asitoke tena.

Hakufanya hivyo. Akamnyooshea mwiko.

"Basi koroga," akasema. "Mimi mkono umechoka."

Egidia akaupokea.

Akakoroga.

Nimefanyiwa mema mengi katika maisha yangu. Hilo nitalitaja la kwanza.

14.

OFISI YA MTENDAJI WA MTAA

YAH: KUTOKUFARIKI KWA NDUGU EGIDIA KAPINGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi inawataarifu wananchi wote kuwa ndugu tajwa yu hai. Mwenyekiti wa Mtaa amefika, amesalimiana naye, na ameridhika.

Vijana waliokwisha kubeba majembe wanashukuriwa kwa moyo wa kujitolea na wanaombwa kuyarudisha majumbani.

Maharage yaliyokwisha kuchemshwa yataliwa.

Ndugu Nestory Kapinga, popote alipo, awasiliane na ofisi hii.

Poleni kwa usumbufu wowote uliojitok

(wino uliishia hapo)

15.

Walikula haraka, macho chini. Kucheka waliogopa, na kulia hakukuwa na sababu tena. Aibu ikawaondoa mmoja mmoja kabla jua halijainama. Ndunguru alisema turubai libaki kwanza, litupe kivuli.

Sufuria wakaziacha. Uwanja mzima sufuria, nyeusi, zimepinduliwa kama kobe.

Nikasimama mlangoni nikazitazama. Nikamkumbuka Nesi Blandina.

Ndogo. Yenye mwisho.

"Egidia. Hii mpelekee Mama Ditrick."

"Na hizi zote?"

"Hizi zote si za leo."

16.

Jinsi ya kujua sufuria ni ya nani:

Yenye msalaba wa msumari kwenye kitako ni ya Mama Ditrick.

Yenye doa la buluu ni ya Mwalimu Redempta. Tazama mlango wake, ni rangi hiyo hiyo.

Yenye uzi mwekundu kwenye mshikio ni ya mke wa Ndunguru.

Iliyobonyea haina alama. Ya Shangazi Kolumba. Mji mzima unaijua.

17.

(Egidia)

Huku kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bibi anaweka chochote: majani ya maboga, parachichi, siku moja yai. Nao wakiniona wananifungia kitu nirudi nacho. Kwa hiyo hata nikitaka kufika tu na kugeuka, siwezi. Inabidi nisubiri mtu atafute mfuko.

Mama Ditrick aliniambia, "Umekuja? Shika hiki kisu." Tukamenya viazi. Hakuniuliza kitu.

Mwalimu Redempta aliomba msamaha mpaka nikaanza kumwonea huruma. Ilikuwa ngeni, kumwonea mtu huruma. Niliitambua kwa mbali, kama jina ulilowahi kulijua.

Njiani kuna waliovuka barabara waliponiona.

Mtoto wa Ndunguru aliniuliza huko nilikokuwa kukoje.

"Nilikuwa nimelala tu," nikamwambia.

"Hata mimi hulala," akasema, akaendelea kucheza.

18.

Yako mambo hayo mazuri, na yako mengine.

Iko siku sufuria ilifika mlangoni ikarudi ndani.

Iko siku hata uji haukuliwa. Vidonge vilimkausha mdomo na kumtetemesha vidole, tukarudi chumba cha mwisho, tukasukuma mlango. Nesi akabadilisha. Akamuuliza Egidia lile swali, lile la kuwepo.

"Bado lipo," alisema. "Ila halizungumzi kila siku."

Nesi akaandika. Nami nikalishika hilo moyoni, nikatembea nalo njia nzima kama mtu aliyebeba yai.

19.

Nestory alipiga simu. Alilia.

"Baba mdogo," Egidia akamwambia, "ile picha ya kipaimara siipendi. Siku nyingine weka nyingine."

"Siku nyingine?" nikasikia Nestory anauliza.

"Ndiyo. Siku nyingine."

Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Nikakosea, nikafumua, nikaanza upya.

20.

Sufuria zilikuwa zinapungua.

Nesi alitaka kazi yenye mwisho, na mimi sasa mwisho ndio niliouogopa. Ya Redempta imeenda. Ya uzi mwekundu imeenda. Ile iliyobonyea, Kolumba aliipokea akaibusu. Uwanja ukaanza kuonekana udongo.

Egidia alipokuwa amelala mchana nikachukua sufuria yangu mwenyewe, ile ya juu ya kabati, nisiyoitumia. Nikaipaka masizi. Kwenye begi lake kulikuwa na rangi ya kucha. Ya waridi. Nikatia nukta kwenye kitako.

Nikaipindua uwanjani pamoja na wenzake.

21.

"Bibi, hii ya nani?"

"Sijui. Kaulize ng'ambo ya mto, kwa akina Mapunda."

"Akina Mapunda walikuja?"

"Watu walikuwa wengi."

Akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama ile nukta, kisha akatazama vidole vyake, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama ukili.

"Na rangi hii?"

"Rangi ziko nyingi siku hizi."

Alisimama pale. Nikasikia maji yanachemka jikoni. Sikuyaendea.

Akachuma majani ya maboga, akayaweka ndani ya sufuria, akafunika. Akavaa ndala. Akaenda.

22.

Amerudi jua likiwa bado lipo, sufuria mkononi. Ndani yake wamemtilia mihogo.

"Si ya kwao. Wanasema niulize juu, kwa Mzee Hyera."

"Basi kesho."

"Kesho," amesema. "Na kwa Hyera ikiwa si ya kwao?"

"Utakuwa umefika kwa Hyera."

Ameingia ndani kuiweka. Nimebaki nje kwenye kivuli cha turubai ambalo Ndunguru hajalifuata, wala mimi sijamkumbusha.

Halafu nimesikia sauti huko ndani. Fupi. Mara moja, kisha kimya.

Kama bata.

Sisi hatufugi bata.