Hedi za Alumini Zilizokataa Kuozwa

Usiku wa kuamkia leo niliota jirani yangu Bi Kidawa amejishika kiuno uani kwangu, watu wanatazama, ananiambia nitamtia mwanangu aibu.

"Mwanakheri, hedi hizo usizifunge. Zina maradhi."

"Maradhi unayo wewe, ya jicho," namjibu. "Tangu usikie mwanangu anaolewa hujapata usingizi."

Ugomvi huo haukuanzia ndotoni. Jioni tuligombana kweli, mpaka wapangaji wakatoka na masufuria mikononi. Ndoto iliudaka pale ulipokatikia. Hedi zenyewe ni silinda hedi mbili za alumini, vile vifuniko vizito vya juu ya injini, nimezipata kwenye gari bovu la shemeji yake Kidawa. Nazitaka kwa gari la marehemu baba, la zamani, ambalo spea zake mpya hazipatikani tena popote. Baba alinipeleka harusini kwa gari lile, na Jumamosi lazima limpeleke mwanangu Riziki. Mtaa mzima umeshaambiwa, na aliyewaambia ni mimi.

"Maradhi gani? Sema!"

Kidawa anafungua mdomo, lakini anayejibu ni hedi ya kulia. Imekaa juu ya jamvi, imejitanda kanga.

"Uliza kwa adabu," inasema. "Sisi hatukuokotwa."

Sikushangaa. Kwangu huzungumza kila anayeingia. Kilichoniudhi ni kanga: ilikuwa ile ya sare ya harusi, na mimi sijaanza kugawa.

"Nani amekupa hiyo?"

"Sisi ni wajane," inadakia hedi ya kushoto, dada yake. "Injini yetu imekufa, eda tumekaa gereji juu ya matofali. Leo unatuoza kwa injini nyingine bila mshenga, bila kungwi, bila hata kutuuliza tu wazima au wagonjwa. Riziki umemfanyia hivyo?"

"Riziki hana matundu ya boliti."

Wanawake wote wakaguna. Uani kwangu, chai yangu mkononi, wananigunia mimi!

Basi akaletwa kungwi. Kungwi ni rula ya chuma ya Shemkai, fundi wangu wa gari, imenyooka hata kuinama kusalimia haiwezi. Ikajilaza juu ya uso wa hedi ya kulia, ikafumba jicho.

"Huyu amepinda," ikasema. "Mwanga unapita chini yangu."

"Sana?"

"Kidogo. Alumini akipata homa hupinda. Atakwanguliwa uso, atanyooka."

"Kwangueni basi, tufunge!"

"Uso nimeuona," ikasema rula. "Tumbo sijaliona."

Kabla sijaijibu, tuko ukumbini. Ukumbi ni injini ya baba. Kuta zinanuka oili, waalikwa wangu wote wamefika, na hedi zile mbili ndizo paa. Mlangoni amesimama Shemkai, na spana ndefu kama mchi, tayari kuwakaza waalikwa kama boliti za hedi.

"Wa katikati kwanza!" anapiga kelele. "Wa pembeni wasubiri!"

Mimi nimeshakaa pembeni, karibu na mlango, nione nani anaingia amevaa nini.

"Bi Mwanakheri, toka. Wa mwisho hukazwa mwisho."

"Shemkai, mimi ndiye mama wa bibi harusi!"

"Hata kama."

Akaanza na shangazi yangu, Bi Shangama. Akamkalisha katikati, akamtia spana mabegani, akamzungusha robo. Akamwacha, akavuka upande wa pili akamkaza mwingine, kisha akarudi kwa shangazi.

"Mwanangu," shangazi analalamika, sauti inalia kama bawaba, "si unikaze mara moja nile?"

"Nikikukaza mara moja ukumbi unapinda, bibi. Duru hii ya kukaa sawa. Duru ya chakula bado."

"Watu wamekuja kula, hawakuja kukazwa!" nikasema. Hakuna aliyeniunga mkono. Walikuwa wamekazwa.

Pilau likaingia. Mvuke ukajaa, ukumbi ukapata joto. Riziki yuko mbele juu ya kiti chake, kope za bandia zinamteleza. Waalikwa wanataka kutoka wapunge upepo.

"Hakuna kufungua cha moto!" anasema Shemkai. "Mpaka kipoe."

Hapo tone likaanguka kutoka paani, likatua kwenye hina ya mwanangu. Hina ikatiririka. La pili. La tatu. Nikapanda juu ya meza.

"Nyie wajane! Mnammwagia maji bibi harusi!"

"Haya ndiyo maji tuliyonyweshwa," hedi zikajibu pamoja. "Kila rejeta ilipokauka, shemeji yake Kidawa alichota ndoo kisimani. Maji ya chumvi. Yametula ndani. Tia kidole."

Nikatia kidole kwenye tundu la maji. Ndani kulikuwa laini kama mkate uliolowa. Kidole kikazama, kikapita, na upande wa pili kuna mtu akakishika.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, maana adabu ni adabu. "Nani wewe?"

"Ufa."

"Unafanya nini humo?"

"Nipo safarini. Jumamosi, mkiwa katikati ya barabara na beni mbele yenu, nitakuwa nimefika."

"Na nani kakualika?"

Swali hilo niliamka nalo mdomoni, kwa sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaniitikia "Karibu". Kumekucha. Hedi zipo sebuleni nilikozificha wasizibebe wauza vyuma chakavu, kimya, hazina kanga. Nikajitazama kidole cha shahada. Chini ya ukucha kulikuwa na unga mweupe. Nikauonja. Chumvi, na ladha ya chuma nyuma yake.

Nje Shemkai ameshafika na mfuko wake wa spana.

"Weka chini," nikamwambia. "Hatufungi."

"Bi Mwanakheri, na Jumamosi?"

"Gari litakwenda. Riziki atakaa ndani, wewe utashika usukani, na mtaa utalisukuma mpaka ukumbini. Nina watu mimi!"

Ng'ambo ya uchochoro Kidawa anafagia mlango uliokwisha kufagiwa, ananisubiri nianze. Nikaanza.

"Kidawa! Ulijua ni maji ya kisima, ukabaki kuniambia maradhi, maradhi!"

"Ulinipa nafasi ya kusema?"

"Sikukupa! Tupa ufagio huo, njoo ndani. Mahamri ya moto, mbaazi za nazi zipo. Kula ushibe, wewe utasukuma nyuma."