Kufuli la Mkwe

Nilivuta mlango wa darasa la ushonaji mpaka kucha zikakatika, haukufunguka. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu wiki iliyopita, na kufuli lenyewe linaendeshwa kwa mtandao wa chuo, ambao mchana ule ulikuwa umekatika. Madirisha yote yana nondo. Na binti yangu Flora alikuwa hospitali, Musoma mjini, na uchungu wa mimba yake ya kwanza.

"Mama, naogopa," alinipigia. "Uko wapi?"

"Niko njiani," nikamdanganya, nikaendelea kuzunguka cherehani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Anayesimamia makufuli haya ni mkwe wangu Mseti, mume wa Flora. Kwetu Wakurya, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikimwona anakuja bwaloni, mimi napitia nyuma ya jiko. Makufuli haya yalipowekwa milangoni, walimu wenzangu walinitania kwamba yameletwa kwa ajili yetu: kadi yangu ya kufungulia ikigoma, Mseti ananifungulia kwa kompyuta akiwa ofisini kwake, hata kivuli chake sikioni. Nilicheka nao, maana nilifurahi kweli.

Siku ile sikucheka. Mke yuko leba, yeye anafanya nini chuoni?

Judith, mwalimu mwenzangu, akaja dirishani. "Mseti anahangaika na mtandao. Anasema uvumilie kidogo."

"Nivumilie nini? Mwanaume gani huyu? Kwa nini hayuko hospitali?"

Judith alitazama pembeni. "Mwalimu Rhobi, si ulisema asubuhi unaenda wewe? Sasa yeye aende mkakae benchi moja? Huwa mnaheshimianaga, sote tunajua. Hajanywa hata chai. Flora akimpigia anamwambia, mama yako anakuja."

Niliona aibu. Nikakaa juu ya robota la vitambaa, nikashindwa kutulia, nikainuka tena.

Nje zikasikika hatua, zikasimama mlangoni.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Mseti, na ilikuwa imekauka. "Shikamoo. Mtandao umerudi. Nitakufungulia kwa simu, halafu nitajificha nyuma ya jengo, upite. Ukifika mwambie Flora... mwambie tu nipo."

Kufuli likalia, mlango ukaachia. Uwazi ule ulinitosha kupita. Miguu yangu yote miwili ilitaka kukimbia.

Nikauegemea mlango kwa mgongo mpaka ukafunga tena.

"Mama? Imekuwaje?"

"Mkwe wangu," nikasema, nikiongea naye kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. "Chukua pikipiki uende. Mimi nitakuja ukishatoka wodini."

 Kisha nikasikia viatu vyake vikikimbia kwenye changarawe, na pikipiki ikawaka.

Simu yangu ikaita. "Mama, bado tu?"

"Kufuli limegoma, mwanangu," nikamdanganya tena, machozi yakinitoka. "Lakini mumeo anakuja."